Mikunjo ya Gauni la Kijani

Mama hakununua nguo yoyote sokoni kabla ya kuigeuza ndani nje. Wanawake wengine pale Masimba waliokota gauni kutoka kwenye rundo la mitumba, wakalipima kifuani na kuulizana kama linawapendeza. Mama alilipindua, akapitisha kidole kwenye mshono kuanzia kwapani mpaka chini, polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Unatafuta chawa?" muuzaji mmoja alizoea kumtania.

"Natafuta aliyeishona," Mama alimjibu.

Muuzaji alicheka kila mara, na kila mara Mama aliendelea na kidole chake. Aliniambia kwamba mshono unaonyesha hali ya aliyeushona. Nyuzi zikienda sawasawa, mtu huyo alikuwa amekaa vizuri, ameshiba, ana mwanga. Nyuzi zikiruka na kutoka kwenye mstari, Mama alitikisa kichwa na kusema, "Huyu aliharakishwa." Alisema kwa huruma, kama kwamba huyo mshonaji wa nchi nisiyoijua alikuwa jirani yetu aliyetoka jana na mzigo mzito.

Nguo mpya za bei rahisi zilizoning'inizwa madukani hakuzipenda. Alinipindulia moja siku fulani, sketi ya shule, akanionyesha jinsi kitambaa kilivyokatwa karibu kabisa na mshono. "Hapa hakuna akiba. Mtoto akikua kidogo, hii imekufa. Na rangi itakuwa imekufa kabla yake." Yeye alinunua vitu vikubwa na vikuukuu: mapazia mazito, suruali za wanaume wanene, sketi pana za pamba. Alivifumua, akavifua, akavikata upya. Suruali moja ya kijivu ilitoa kaptura mbili za shule. Vipande vilivyobaki hakuvitupa. Mafundi wengine walimwaga mabaki yao mtaroni, na mvua ikayapeleka mtoni, na ng'ombe wa watu wakala nailoni. Mama aliyakatakata akajazia mito ya kukalia. Nusu ya viti vya kanisani kwetu vina mito iliyojaa vipande vya cherehani yetu.

Nilianza kukaa naye kwenye varanda ya duka moja la Masimba, pale cherehani ilipokuwa, baada ya kumaliza darasa la nane. Sekondari haikuwezekana, na kusema kweli sikulia. Darasani nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa mwalimu anapotafuta wa kumjibu. Nilijua jibu mara nyingi, lakini lilipofika mdomoni watu walikuwa wamekwisha kwenda mbele. Kuandika pia nilikuwa wa mwisho; wenzangu wakishafunga madaftari mimi niko katikati ya ukurasa. Kwenye cherehani hakuna aliyenikimbiza. Mama aliongea na wateja, mimi nikashona vifungo, zipu na pindo.

Kazi moja tu hakunipa. Watu walimjia kutoka mbali, hata kutoka Kebirigo alikozaliwa, wakitaka ile waliyoiita nguo inayokua. Ilikuwa sare ya shule ambayo mtoto aliivaa gredi ya kwanza, ikarefushwa na kupanuliwa kila alipokua, na akifika gredi ya nne au ya tano mdogo wake akairithi, ikiwa imerudishwa kuwa ndogo tena. Haikuonyesha alama. Sare zingine zikirefushwa huacha mstari pale upindo wa zamani ulipokuwa, mstari mweusi ambao watoto wenzako wanauona kabla hata hujaketi. Mimi niliuvaa mstari huo shuleni kabla Mama hajajifunza namna nyingine, na naujua. Ya Mama haikuwa na mstari.

Alikata nguo hizo varandani, nikatia mishono mikubwa kwa cherehani, kisha akazikunja na kuzibeba nyumbani. Siri yake aliishona kwa mkono, jioni, chumbani mwake.

Mtu asiye wa kwetu angeuliza kwa nini sikumfuata nikaangalia. Kijana wa Kikisii akishatahiriwa haingii chumba cha mamake. Hakai kitandani pake, hashiki nguo zake za chumbani, hata akitumwa kuleta kitu huko hutafuta mtoto mdogo wa kumtuma. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na hakuna anayekufundisha kwa maneno. Unaiona tu watu wanavyokupisha na wewe unavyowapisha. Kwa hiyo jioni mimi nilikaa nje ya mlango, kwenye kiti cha sebuleni, na Mama akashona ndani. Tuliongea kupitia pazia. Nilisikia uzi ukivutwa.

"Utanifundisha lini?" nilimuuliza mara moja.

"Utafundishwa. Una haraka ya nini, wewe ambaye hata chai unaimaliza ikiwa imelala?"

Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili, na nyumba ya Nyanya, mama yake Baba, ilikuwa hatua chache kutoka kwetu.

Mwaka ule Mama alipougua, sikujua kwamba anaugua. Alilalamika tumbo, akanywa dawa za dukani, akaendelea kukanyaga pedali. Alikuwa na gauni lake la kazi, la kijani kibichi lenye maua madogo meupe, alilolishona kutoka kwa pazia la pamba. Alilivaa siku nne kwa wiki na halikumpwaya hata siku moja. Lilimkaa mabegani na kiunoni kama siku alipolikata. Nilipomwangalia akitangulia mbele yangu njiani kwenda Masimba, nilimwona Mama yule yule.

Siku moja hakuweza kusimama kutoka kwenye cherehani. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, nikimshikilia kwa nyuma. Daktari, kijana asiyenizidi umri kwa mengi, alimpima kwenye mizani, akaandika, akanigeukia.

"Amepungua tangu lini?"

Watu walikuwa wengi kwenye foleni na wote walikuwa wakiniangalia. Lakini jibu hilo nililitoa haraka, labda ndilo jibu la pekee nililowahi kulitoa haraka mbele ya watu. Nilisema, "Hajapungua."

Daktari alinitazama kidogo. Kisha akamtazama Mama, na Mama akatazama dirishani.

Hakumaliza mwezi.

Baada ya mazishi, jamaa walikaa uani kugawana nguo zake, kama inavyofanywa. Nyanya ndiye aliyesimamia. Alikuwa ameweka sanduku miguuni pake, akitoa nguo moja moja na kuiinua juu. Leso zilienda kwa dada zake Mama waliotoka Kebirigo. Sweta ilienda kwa shangazi. Mimi nilisimama karibu na ukuta wa jiko na wanaume wengine. Nilikuwa nimeshapewa cherehani, na watu wote walikubali kwamba nimepata fungu langu.

Kisha Nyanya akainua gauni la kijani.

"Hili, nani?"

Nilitaka kusema. Sikujua nalitakia nini. Nilijua tu kwamba wiki nne zilizopita lilikuwa likienda mbele yangu njiani. Lakini kijana wa umri wangu aseme mbele ya wajomba kwamba anataka gauni la mamake? Nyanya alitazama huku na huku, na macho yake yalinipita bila kusimama.

"Mimi," akasema mama mdogo, yaani mke wa baba yangu mdogo, ambaye shamba lao la chai linapakana na letu. "La kwangu la kuchumia limekwisha. Hili ni gumu, majani hayatalitoboa."

"Ulivyo mnene utaingiaje humo?" Nyanya akamuuliza, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nitaingia. Nikikwama mtanikata nitoke."

Akalichukua. Kwetu ukikaa kimya wakati kitu kimeinuliwa mbele ya wote, umekiachilia. Huwezi kurudi kesho na kusema ulikuwa unafikiri.

Nilirudi kwenye varanda peke yangu. Wateja walikuja kwa huruma mwanzoni, wakileta vitu vidogo. Kisha, shule zikiwa zimefungwa mwezi wa nne, akaja mama mmoja mwenye binti watatu. Anauza ndizi kando ya barabara, na Mama alikuwa amemshonea miaka mingi. Alileta sketi pana ya samawati nzito, ya mtumba, nzuri sana.

"Nishonee inayokua," alisema. "Huyu wa kwanza ataivaa, kisha hawa wawili. Kama ile ya mama yako."

Ningemwambia siijui. Lilikuwa neno moja tu. Nikachukua utepe wa kupimia.

Nilijua akiba lazima ifichwe mahali, nikaifikiria kwenye upindo. Niliukunja mara tatu. Ubavuni nikatia mikunjo kwa cherehani, kwa nyuzi ndogo ndogo ili ishike, nikapiga pasi ya moto ili ilale. Ilikuwa nzito chini kama mkia wa kondoo. Mtoto alipoijaribu ilimbana kifuani, na ikabidi nifumue mkunjo mmoja hapo hapo. Nyuzi zilikuwa ndogo mno. Nilipozitoa, ziliacha vitundu vilivyopangana, na nilipokivuta kitambaa kikapasuka kwenye vile vitundu kuanzia kwapani mpaka nyongani. Pale pasi ilipopita pamebaki mstari unaong'aa.

Mtoto alishika pale palipopasuka kwa vidole viwili, akapafunga. Hakulia. Aliniangalia tu kuona kama na mimi nimeona.

"Mama yako alikuonyesha?" mama yake akaniuliza.

"Hakuwa amenionyesha hiyo."

"Sasa mbona hukusema, kijana?"

Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikunja nguo akanirudishia. Nguo nyingine ya shule mtoto huyo hakuwa nayo, zaidi ya iliyomfika juu ya magoti, na mwalimu alikuwa ameshasema asirudi nayo. Nilimwambia atafute kitambaa kingine, nitaishona kabla shule hazijafunguliwa. Alinitazama kama daktari yule alivyonitazama.

"Unaweza?"

"Nitaweza."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nilitafuta nguo yoyote iliyoshonwa na Mama ili niifumue nione. Kwa wateja ilikuwa shida. Nani atampa fundi aliyeharibu sare nyingine aipasue? Nyumbani hakukubaki kitu. Nguo ambayo Mama aliishona yote mwenyewe, kwa mkono wake wote na kwa wakati wake wote, ilikuwa moja, na ilikuwa kwenye majani chai ikinyeshewa.

Nilikuwa nikiiona kila siku. Njia yangu ya kwenda Masimba inapita juu ya mteremko wa chai wa baba mdogo. Mama mdogo alikuwa pale asubuhi, kikapu mgongoni, karatasi ya nailoni imefungwa kiunoni, na juu ya ile nailoni kijani cha Mama. Kwapani lilikuwa limeanza kuachia pande zote mbili. Kila alipoutupa mkono nyuma kutia majani kikapuni, niliona mpasuko ukifunguka na kufumba. Nilipita siku ya kwanza. Nilipita siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne niliiacha njia, nikaingia katikati ya mistari ya chai, umande ukanilowesha mpaka mapajani.

"Leo fundi amekuja kuchuma?" akaniambia bila kusimamisha mikono.

Nikaanza kuchuma upande wa pili wa mstari wake. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Nilitia ndani ya kikapu chake. Nadhani tulifika mwisho wa mstari na kurudi.

"Omomura, sema," akasema hatimaye, akiniita kijana kwa lugha yetu. "Hujatoka huko kuja kunisaidia. Mwaka mzima hujanisaidia."

"Nataka gauni."

"Gauni gani?"

Sikuweza kuonyesha kwa kidole. Nikalitazama tu, kisha nikatazama majani.

Mikono yake ikasimama. "Hili? Nilivue hapa? Wachumaji wa huko ng'ambo wapate sinema?"

"Si sasa. Na si kulichukua. Nataka kuliangalia ndani."

Nikamweleza. Nilichelewa, nikarudia mahali, nikasahau mahali, lakini hakunikatiza. Nilimweleza kuhusu sare iliyopasuka na mtoto aliyefunga mpasuko kwa vidole. Nilipofika hapo aliinua kona ya leso akajipangusa uso, ingawa jua halikuwa kali.

"Kumbe ulilitaka siku ile," akasema.

Nikatia majani kikapuni mwake.

"Nilikuona pale ukutani. Nikadhani unaumwa." Akarudi kuchuma. "Jumapili baada ya kanisa nitalileta. Lakini jioni nalitaka. Jumatatu nachuma, na nikichuma na lile lingine nitakuwa uchi kabla ya kituo cha kupima majani."

Jumapili alilivaa hadi kwa Nyanya likiwa limefuliwa na kukauka. Alilivua, akajifunga leso mbili akaketi jikoni na Nyanya, wakimenya ndizi. Mimi nilisimama mlangoni, nikaliona limekunjwa juu ya kiti, na mkono wangu haukwenda.

Nyanya alinitazama. "Unaogopa nini? La mama yako lilikwisha siku nilipoliinua pale nje. Hili ni la huyu, na huyu ni mteja. Wewe huwashonei wateja?"

"Mteja mwenye njaa," mama mdogo akaongeza. "Fanya haraka."

Nikalichukua, nikaenda nalo sebuleni kwetu, kwenye kile kiti cha nje ya mlango wa chumba, kwa sababu mwanga wa dirisha unapita hapo. Nililigeuza ndani nje kama alivyofanya yeye, nikapitisha kidole.

Siri ilikuwa kiunoni. Chini ya ule mkanda wa kitambaa ulioshonewa kiunoni, Mama alikuwa ameficha urefu wote wa ziada wa lile pazia, umekunjwa mara moja na kulazwa juu, si chini. Ukitaka kurefusha, unaishusha sketi kutoka kiunoni, na upindo wa chini huugusi kabisa. Ndiyo sababu hapakuwa na mstari. Mkunjo wenyewe ulishonwa kwa mkono, hatua ndefu ndefu, kwa uzi wa buluu, ili mtu asiuchanganye na uzi wa kijani wa mishono ya kudumu. Mwisho wa uzi hakuufunga. Aliupiga nyuzi mbili za kurudi nyuma, akaacha mkia wa urefu wa ukucha. Ukiukamata na kuvuta, mstari mzima unatoka bila kitundu.

Nilicheka peke yangu. Lilikuwa jambo rahisi sana. Nikafungua daftari, nikaanza kuchora na kuandika, mkunjo uko wapi, upana wake vidole vingapi, uzi gani. Niliandika kwa mwendo wangu ule ule, na nilipofika mwisho nikageukia ubavuni, pale kwapa lilipoachia, nikidhani nitaona namna hiyo hiyo.

Ubavuni palikuwa na mistari mitatu ya buluu. Upande wa kulia mitatu, upande wa kushoto mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Kila mmoja ulikuwa umeingia ndani karibu upana wa kidole.

Mwanzoni sikuelewa. Mtoto anawekewa akiba kwa sababu atapanuka. Mtu mzima aliyejipimia mwenyewe anajiwekea akiba ya upana ya nini? Kisha nikaona kwamba mistari haikushonwa siku moja. Ule wa nje uzi wake ulikuwa umepauka kwa kufuliwa. Wa pili ulikuwa na rangi zaidi. Wa tatu ulikuwa mpya. Gauni halikuwa limekunjwa lipanuliwe baadaye. Lilikuwa limepunguzwa, likapunguzwa, likapunguzwa tena, ndani ya chumba kile, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki nikimsikia akivuta uzi na kudhani anashona sare za watu.

Mstari wa kwanza nyuzi zake zilikuwa sawasawa, ungezipima kwa rula. Wa pili pia, isipokuwa karibu na mwisho. Wa tatu ulikuwa umeyumba tangu juu. Nyuzi nyingine ndefu, nyingine fupi, mahali pamoja umetoka kabisa kwenye mkunjo na kurudi. Nikasikia maneno yake kama kwamba yuko nyuma ya pazia. Huyu aliharakishwa.

Nyanya alikuja akasimama mlangoni na kisu cha kumenyea mkononi.

"Mbona mkasi hausikiki?"

Nikampa gauni, nikamwonyesha mahali pa kupitisha kidole. Alipitisha. Mara moja, kisha akarudia kutoka juu. Aliketi kwenye mkono wa kiti, jambo asilolifanya.

"Mimi aliniambia amekula kwenu," akasema.

"Mimi aliniambia amekula kwako."

Nilitaka kumwambia kuhusu daktari, na jibu nililolitoa haraka, lakini nilimwona akikitazama kile kisu kama kwamba hajui kilifikaje mkononi, nikaliacha. Mpaka leo nimeliandika hapa tu.

Alipoondoka niliangalia mpasuko wa kwapani. Tiba yake ilikuwa wazi kwa fundi yeyote. Gauni lilimbana mama mdogo kwa sababu lilishonwa limwenee mtu aliyekuwa akiisha. Nikiweka kiraka, litapasuka kando yake. Mistari ile ikitolewa, kitambaa chote kitarudi, vidole vitatu kila upande, na litamtosha. Lakini nikiitoa, hakuna mtu mwingine atakayeona tena alichofanya Mama miezi ile. Ningeweza kulificha gauni. Ningeweza kumshonea mama mdogo jingine baadaye na kumwomba avumilie. Nilifikiria hivyo kwa kweli, nikiwa nimelishika.

"Wee fundi!" sauti ikatoka jikoni. "Narudi kwangu na leso? Baba yako mdogo atadhani nimefukuzwa!"

Niliandika kwanza. Mistari mitatu, upana wake, ulipoanzia kila mmoja, ule wa tatu ulipoyumba. Niliuchora ulivyoyumba. Kisha nikaushika mkia wa mstari wa kwanza wa kulia nikavuta, ukatoka wote kwa mkono mmoja. Nikavuta wa pili. Wa tatu nilipouvuta ulikatika mahali pamoja, nikautafuta kwa sindano, nikautoa wote. Upande wa kushoto nikafanya vivyo hivyo. Kitambaa hakikuwa na kitundu hata kimoja. Pale palipokuwa pamekunjwa palikuwa na kijani ambacho sikukikumbuka, kijani cha pazia siku tulipolinunua, na maua meupe kabisa. Nikashona kwapa upya kwa uzi wa kudumu.

Mama mdogo alilivaa chumbani kwa Nyanya, akatoka, akainua mikono yote miwili juu, akaitupa nyuma kama anatia majani kikapuni.

"Sasa napumua," akasema. Akajitazama ubavuni, akaona mistari miwili mipana ya kijani kipya ikishuka kutoka kwapani. "Na hii nini? Umenichora kama punda milia?"

"Ndiyo rangi yake ya kwanza. Jua litaifanya iwe sawa na nyingine."

Nyanya alikuwa akitazama mistari ile. Alienda akamnyooshea gauni begani, akaondoa kitu ambacho sikukiona, akarudi kwenye ndizi zake.

Sare ya yule mtoto, kwa kitambaa kingine walicholeta, niliishona kwa siku tatu, na sikuitia pasi kwenye mikunjo. Urefu niliuficha kiunoni. Nilitumia uzi wa buluu wa mstari wa kwanza na wa pili, kwa sababu ulikuwa mrefu na mzima, na kuutupa nisingeweza. Mama yake alipokuja kuichukua hakumvalisha mtoto kwanza. Aliigeuza ndani nje pale pale varandani, akapitisha kidole, akafika kwenye mkia wa uzi akausimamisha kwa ukucha.

"Hapa ndipo pa kuvuta?"

"Ndipo. Lakini bado. Mwakani."

Mtoto aliivaa, akajaribu kuuona mgongo wake mwenyewe, akazunguka mara mbili akiufuata.

Uzi wa mstari wa tatu upo ndani ya daftari, kwenye ukurasa nilipouchora.

Bado napita juu ya mteremko ule kila asubuhi. Miezi ya mwanzo niliiona mistari ya ubavuni kutoka barabarani, hata ukungu ukiwepo, kila mama mdogo alipouinua mkono. Jua na mvua vimeifanyia kazi. Juzi ilibidi nisimame ndipo niione.